Kama Upepo Unasikika

Septemba, Punta Arenas. Manispaa imeshafunga kamba
kwenye kona za barabara
ili watu wazima wapate cha kushika
upepo ukija na hasira zake.

Nevenka, miaka tisa, alirudi na kifaa cha sikio
ndani ya kisanduku cha mkate, kimeviringishwa karatasi.
"Betri imekufa," akasema. Nikaweka mpya.
Kesho yake: "Imekufa." Nikaweka mpya.
Ijumaa nilizipanga zote nne mezani,
nikazipima moja moja kwa kipimo changu cha kazini,
mimi fundi wa majokofu, mtu wa kuamini mshale wa mita.
Zote nzima.

Zote nzima, mwanangu.
Hapo ndipo alipouma ukosi wa sweta,
na maneno yakatoka kwa vikohozi, kama maji
ya bomba lililoganda usiku:
kwamba wakati wa mapumziko, nyuma ya ukumbi wa mazoezi,
Maite na wale mapacha wa Oyarzo humzunguka,
hufungua vinywa, huvifunga,
hufungua, huvifunga,
sauti hawatoi hata chembe,
naye hugusa sikio, hugusa tena,
akidhani dunia imezimika upande wake tu.
Kisha kicheko. Hicho hukitoa kwa sauti.

Nilimwambia awapuuze.
Nilisema upesi, kama anayelipa deni kwa noti bandia.
"Nipuuze nini, baba?
Hawasemi kitu."

Usiku ule sikulala, na si kwa sababu ya upepo.
Ni Eliecer Nahuelquín, aliyehamia kwetu kutoka Chiloé
na sweta lenye harufu ya moshi wa kuni.
Kila alipoingia darasani, sote tulibana pua.
Nani alianza? Mimi.
Sikumchukia; hilo sijawahi kumwambia mtu.
Niliogopa tu kwamba pua zisipobanwa kwa ajili yake
zitabanwa kwa ajili yangu.

Asubuhi nilimsimulia Nevenka, chai ikipoa,
bila kujipaka mafuta.
"Alifanyaje?"
Alihama shule.
"Na wewe?"
Hakuna aliyeniuliza.
Akachovya mkate, akautazama ukilegea.
"Mimi nakuuliza."

Tulikwenda shuleni pamoja. Mwalimu Gladys aliandika,
wazazi wakaitwa, mambo ya ofisini yakala mwezi mzima.
Pacha mmoja aliomba radhi, macho kwenye viatu.
Maite hakuomba. Mama yake alisema watoto ni watoto,
nami nikajua sentensi hiyo nimewahi kuishi ndani yake,
ina joto, ina mapazia.

Lakini hili la upepo sikumfundisha mimi.
Alilileta mwenyewe, tumeshika kamba kwenye kona ya duka la dawa,
koti lake limejaa hewa, anapiga kelele ili nisikie:
"Wakifungua vinywa sigusi sikio tena!
Nasikiliza upepo kwanza.
Kama upepo unasikika, betri ni nzima.
Wao ndio waliozimika!"

Msidhani amepona. Tumbo bado humuuma
kila Jumapili jioni. Siku nyingine hurudi bubu,
nami nimejifunza kutouliza; nampa bisibisi,
tunafungua jokofu bovu la mtu,
parafujo ya kwanza, ya tatu, ya sita,
na mahali fulani karibu na mota neno hudondoka,
nalo naliokota polepole, lisije likavunjika.

Namba ya Eliecer ninayo. Nimepewa na binamu yake,
iko kwenye kikaratasi chini ya sumaku,
mlangoni mwa jokofu letu.
Nevenka huisoma kila anapochukua maziwa.
"Bado?" huuliza.
Bado.
Na upepo nausikia vizuri kabisa.